Vigelegele vya Njiapanda ya Butiama

Nichekeni, ndugu zangu, nimeruhusu. Zamani nilikuwaga bingwa wa mbio za pikipiki, kwenye uwanja wa vumbi kule Mwanza. Baada ya Uhuru Wazungu wenye klabu walihama, mbio zikafa, nami nikawa tarishi wa ushirika wa pamba Bunda. Lakini masikio yangu bado yana njaa ya shangwe.

Juzi nilitumwa Musoma kwa pikipiki ya ushirika. Nikirudi na furushi la dagaa wa soko la Mwigobero, nikakuta watu wamejipanga njiapanda ya Butiama. Kuniona tu, ngoma zikalia, akina mama wakapiga vigelegele. Kumbe bado wananikumbuka! Machozi yakanitoka. Nikailaza pikipiki kwenye kona, mguu wa kushoto ukiburuzika vumbini kama enzi zile, nikasimama, nikainua mikono.

Mwenyekiti wa kijiji akanijia mbio, akichungulia barabara nyuma yangu.

“Ndugu, wewe wa kutangulia msafara umeshafika. Gari la waziri liko wapi?”

“Mimi… natoka sokoni, mzee.”

Ngoma zikanyamaza. Mama mmoja akanusa furushi langu, akanitazama kwa huruma.

“Sasa baba, vigelegele vyote vile tumempigia nani?”