Dawa za Vita

Mimi ndiye niliyeshika ufunguo wa chumba cha dawa za vita. Jina hilo tulilitunga wenyewe pale hospitalini, baada ya serikali kutuita semina na kutueleza kwamba adui anaweza kusambaza vijidudu makusudi, hivyo lazima tuwe na akiba. Ugonjwa wa kwanza kwenye orodha ulikuwa kimeta. Nilicheka kimoyomoyo. Kwetu Matete kimeta hakisubiri adui, kinakuja na ng'ombe.

Na kweli kilikuja. Ng'ombe wa jirani alianguka akafa, na badala ya kumzika, wanaume wakamchuna na kugawana nyama. Kaka yangu, mkata miwa, ndiye aliyeshika kisu. Baada ya siku chache aliletwa hospitalini, mkono wa kulia umevimba hadi kwenye kiwiko, na kidonda cheusi juu yake. Wodi ilikuwa imeishiwa na sindano za kumtibu. Chumba changu kilikuwa na makatoni ya sindano hizo mpaka darini.

"Dada, si wewe ndio unashikanga ufunguo?" aliniuliza.

Nilikimbia kwa bosi wangu, mkuu wa stoo. Hakuinua hata macho.

"Hiyo ni ya shambulio, madamu. Ya ng'ombe haiko kwa mpango. Ukifungua, kazi huna."

"Lakini ni ugonjwa ule ule!"

"Mpango ni mpango."

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Lakini niliuamini mpango, na nilimwamini yeye, mjinga mimi. Kaka alilala siku mbili bila sindano mpaka hospitali nyingine ikampokea. Alipona, ila vidole vilikakamaa. Panga hashiki tena.

Mwezi uliofuata tuliambiwa wakaguzi wanakuja. Nilipohesabu, makatoni mawili hayakuwepo. Bosi akaniambia, bila haya, niandike kwamba yaliharibika. Alikiri kwamba wafanyakazi wa shamba lake kule Mautuma walikuwa wamechuna ng'ombe mfu, naye akafungua chumba kwa ufunguo wa pili aliokuwa nao, akawapelekea dawa. Hiyo ilikuwa wiki moja kabla kaka yangu hajaugua.

"Ile ilikuwa dharura," alisema.

Sikuandika. Nilimtupia ufunguo mezani nikatoka.

Siku hizi kanisani kaka husalimia watu kwa mkono wa kushoto, akiomba radhi. Wakimuuliza, huwaambia dada yake angemsaidia, ila sheria haikuruhusu. Mimi huwa nimeketi hapo hapo kando yake. Habari za Mautuma bado sijamwambia.