Kidonge Kilichotakiwa Kuvimba

Kosa langu la kwanza lilikuwa kusaga kidonge cha mama. Nilikisaga vizuri mno, na ubaya ulikuwa hapo.

Ilikuwa wakati wa vita, nyumbani kwetu Mikelenge, mtaa wa mji wa Kindu huko Kongo, nami nina miaka kumi na mitatu. Treni haikuja tena. Dawa zilifika Kindu kwa ndege, zikauzwa moja moja sokoni, zimefungwa katika kipande cha daftari, bila karatasi ya maelezo. Mama alikuwa na ugonjwa wa shinikizo la damu, na koo lake lilikataa vidonge vikubwa. Mtaani kwetu kila nyumba ilisaga dawa za wagonjwa na kuzitia katika uji, basi hakuna aliyenizuia. Nilisaga kwa chupa juu ya sahani, nikachekecha kwa kitambaa, nikasaga tena mpaka ikawa laini kuliko unga wa muhogo. Mama akanisifu mbele ya jirani yetu.

“Mutoto huyu iko na mikono ya munganga.”

Jirani alijibu kwamba daktari huyo juzi tu alikuwa anakojoa kitandani. Wakacheka, mama akanywa uji wake.

Haikupita saa moja akaanguka karibu na jiko. Macho yalikuwa wazi lakini hakunijua. Jirani alimwinua miguu, akamlowesha uso. Jioni alirudiwa na fahamu, ila mkono wa kushoto umekuwa mzito hadi leo. Watu walisema ni mawazo ya vita. Mimi, nikishuku unga wangu, nilivitupa chooni vidonge vilivyobaki, nikasema vimepotea.

Sikusomea udaktari. Ninachokijua nimejifunza kwenye simu, kamusi ya Kifaransa ikiwa pembeni, na ukurasa mmoja naweza kuurudia mara kumi kwa hofu ya kuuelewa vibaya. Mwaka huu nilikuta maelezo ya watafiti waliotia kidonge cha shinikizo la damu, cha aina ya kile cha mama, majini ndani ya mashine ya sumaku kubwa, ile inayopiga picha za ubongo bila kumpasua mtu. Mashine hiyo huona maji. Katika picha ya kwanza kidonge ni doa jeusi, kwa kuwa ni kikavu. Saa zikipita, ukingo wake unang’aa, unavimba, unakuwa ute kama wa bamia, na kiini cheusi kinapungua. Dawa hutoka kwa kupenya ute ule, kidogo kidogo, mchana kutwa.

Nilitazama picha zile mpaka simu ikazimika. Kwa kusaga kwa chupa niliuzuia ute ule usitokee. Dawa ya siku nzima iliingia mwilini mwa mama kwa mara moja.

Kesho yake nilimkuta anachambua maharage kwa mkono wa kulia. Nilimwonyesha picha, nikamweleza yote. Aliendelea kuchambua.

“Nilikuona ukivitupa mu choo, papa,” alisema, kama anavyoniita tangu utotoni. “Nilijua njo ile dawa iliniangusha.”

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza miaka yote hiyo.

“Ulikuwa mutoto. Ningekuambia, woga ungekumaliza. Na wewe, ulinyamaza juu ya nini?”

Nilikaa chini, tukamaliza maharage pamoja.

Siku hizi mama anapewa vidonge vidogo, anavimeza vizima. Kabla hajameza namsomea karatasi yote kwa sauti, na nisipoelewa neno narudi kumuuliza mfamasia. Woga haujaniisha. Ila simfichi mama kitu tena.