Mayai Niliyonunua Bila Kuuliza

Ndugu zangu, hadi leo nikipita mtaani kwetu Mkonze naangalia chini. Nilinunua mayai kwa mama mmoja sokoni Majengo, nikamwekea tetea wangu ayaatamie. Siku ya ishirini na moja vifaranga wakatoka, shingo zao hazina hata unyoya mmoja. Niliona ugonjwa, na banda la mama mkwe limepakana na langu.

"Shikamoo mama, fungia kuku wako!" nilimpigia simu. "Kuna ugonjwa unawanyonyoa shingo!"

Naye akawatangazia majirani. Nilinawa mikono kwa dawa mpaka ngozi ikawasha, kisha nikamwita bwana mifugo. Alipofika, uani palijaa watu kama msibani. Alimgeuzageuza kifaranga mmoja.

"Muuzaji alikwambia mayai ya kuku gani?" aliuliza.

"Alisema ya kishingo. Nilidhani ni jina la kijiji chao."

Bwana mifugo akamrudisha kifaranga chini ya tetea.

"Mkwe wangu," mama mkwe alisema taratibu, "kishingo ni kuku anayezaliwa shingo tupu. Na mimi kwa hofu yako nimeshachinja matetea manne."