Chupa Iliyowekwa Juani

Mtoto wa dada yangu alizikwa Mutsamudu kabla hajatimiza miaka saba. Kwetu mjomba ndiye msemaji wa watoto wa dada yake, nami nilisema uongo.

Enzi za mamluki wa Kizungu hapa Komoro nilikuwa mfagizi wa maabara, Moroni. Daktari mmoja mgeni alinieleza kwamba chembe nyeupe za damu zikimeza kijidudu hutoa kemikali kali ya kukiua. Alikuwa na rangi isiyong'aa mpaka iguswe na kemikali hiyo. Hapo chembe huwaka kijani ndani ya hadubini. Nikamsimulia majipu ya mpwa wangu, yasiyokoma. Akakubali kumpima: chembe zisipowaka, atampa dawa ya kunywa kila siku.

Chembe zilitakiwa zipimwe zingali hai, kwa hiyo yeye alitangulia Mutsamudu, kisiwa cha jirani, na hadubini. Mimi nilifuata na chupa ya rangi, imezungushiwa karatasi nyeusi. "Isione mwanga," aliniambia. "Ikiuona itawaka yenyewe."

Kwenye uwanja wa ndege mzungu mwenye bunduki aliniamuru niifungue ile karatasi. Akaiweka chupa mezani, juani, akavuta sigara yake mpaka mwisho.

"Marashi ya mkeo?"

"Ndiyo, bwana," nikasema, na nikacheka. Kumwambia aifunike, sikuthubutu.

Mutsamudu dada aliningoja hospitalini na wanawake wa nyumba nzima. "Haya, mjomba mtu kafika," alisema. "Mpisheni, leo hata kiatu chake kina cheo." Wakacheka. Daktari akauliza kama karatasi ilifunguliwa njiani. Wote walinitazama.

"Hapana," nikasema.

Chembe za mtoto ziliwaka zote. Daktari alinipisha nichungulie, na kweli kijani kile kilipendeza. Akasema damu ya mtoto inapigana vizuri, dawa ya kila siku haina haja. Dada, ambaye ni mdogo wangu, akanibusu mkono.

Jipu la ini lilimchukua mtoto kabla ya Ramadhani. Daktari alikwisha rudi kwao. Matangani dada alinishika bega: "Kaka, wewe ulifanya yote." Niliendelea kupokea pole.

Mpaka leo, kila nikienda kwake, dada hulirudia neno hilo mbele ya watu. Mara ya mwisho alinitengea paja la kuku, akawakataza wanawe wasiliguse. Nililila lote.