Mwezi Niliofunga kwa Ajili ya Barafu ya Maziwa

Wenzangu mliokulia Isiolo wakati friji za mtaa mzima zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, nisomeeni taratibu, kwa maana nimechanganyikiwa na sina wa kumuuliza isipokuwa nyinyi. Mimi ni mtu mzima mwenye watoto wa sekondari, lakini nikisikia yogati ya barafu miguu inasimama yenyewe. Nimeila Nairobi, nimeila Nanyuki, nimeila Meru katika duka lenye viti vya kuzunguka. Mwezi uliopita nimeila kwetu mjini Isiolo, kwenye duka jipya lenye mashine inayoitoa ikiwa imejisokota. Kijana wa kaunta aliniuliza, "Madam, unataka flava gani?" akanitajia orodha ndefu. Nikamwambia nataka ile ya moshi. Akanitazama kama mtu aliyeona ngamia kwenye foleni ya benki.

Mpwa wangu niliyekuwa naye aliipiga yake picha upande huu na upande ule mpaka ikayeyuka, kisha akanywa maji yake huku akiwaandikia watu wa kwenye simu kwamba ni tamu sana. Sisi hatukuwa na nafasi ya mambo hayo. Ukichelewa kidogo tu, jua la Isiolo linakula kabla yako.

Enzi hizo sisi watoto wa mtaa wa Kiwanjani tulikuwa na maduka matatu ya baridi. La kwanza lilikuwa karibu na steji ya magari, na lilikuwa na barafu ya maji ya rangi. Hiyo ilikuwa ya kupaka ulimi tu, ili ukirudi kwenye mchezo wa mpira wa kati au wa kuruka blada, wenzako wajue ulipotoka. La pili lilikuwa dirisha la mama mmoja Mmeru nyuma ya shule, aliyeponda ndizi mbivu ndani ya maziwa mala na kuyagandisha kwenye vikombe vya plastiki. Ilikuwa nzuri, ila vikombe vilikuwa vyake, na ilibidi ulambe ukiwa umesimama mbele yake huku anakuangalia usikimbie na kikombe.

La tatu lilikuwa la Mama Safia, na hilo ndilo lililonifanya niwe hivi nilivyo. Mama Safia alikuwa Mborana, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Binti yake Safia nilikaa naye dawati moja. Friji yao ilinguruma mchana kutwa hadi rafu za duka zikatetemeka. Ndani yake kulikuwa na maziwa yaliyokwisha kuganda siku kadhaa kwenye kibuyu kilichofukizwa kwa moto, yale ambayo Waborana huyaita ititu. Aliyatia sukari na iliki, akayamimina kwenye mifuko myembamba ya nailoni, akafunga fundo, akagandisha. Ulikuwa unang'ata kona ya nailoni na kunyonya. Moshi ulikuja kwanza, halafu uchachu, halafu sukari, halafu meno yakauma hadi masikioni. Mimi naikumbuka ikiwa na rangi ya waridi. Mwenzangu mmoja niliyesoma naye anaapa ilikuwa nyeupe, na mwingine anasema duka lenyewe lilikuwa upande wa pili wa barabara. Tumebishana mpaka nikaanza kujiuliza kama nilikuwapo.

Lakini kuna jambo moja ambalo sijawahi kubishana na mtu juu yake, kwa sababu sikuwahi kumwambia mtu. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa nikiudai moyo wangu ujasiri wa kumtazama Mama Safia usoni na kumwambia kwamba nilimdanganya.

Mambo yalikuwa hivi. Sisi ni Waturkana, na mama yangu alikuwa mtu wa kanisa hasa. Aliuza makaa siku sita, na ya saba akaimba kwaya kwa sauti iliyowafanya mbuzi wa jirani wanyamaze. Sasa mwezi wa Ramadhani ulipoingia, Mama Safia hakuuza barafu hata moja. Dirisha lilifungwa mchana, na jioni, adhana ya magharibi ikisikika, alitoa benchi nje na kuwapa bure watoto waliofunga. Aliyefunga nusu siku alipewa nusu, amekatiwa kwa kisu. Aliyemaliza siku nzima alipewa nzima. Kununua hakukuwezekana, hata ungeleta nini. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi, mvua zilikuwa hazijaja, na vumbi lilikuwa limetuingia hadi ndani ya madaftari.

Jioni ya kwanza nilienda tu kumwangalia Safia akila. Mama Safia akapita na sinia, akanifikia. "Na wewe, intala?" akaniuliza, na intala kwao ni msichana. "Umefunga?"

Nikasema ndiyo.

Nilikuwa nimekula githeri ya mahindi na maharagwe mchana, sahani mbili. Waturkana Waislamu wapo tele Isiolo, kwa hiyo hakuna mtoto aliyeshangaa, na Safia mwenyewe alitazama chini akatabasamu. Nikapewa nzima. Nikainyonya, na kwa mara ya kwanza haikuwa tamu. Wallahi sijui niwaelezeje. Ilikuwa ile ile, moshi ule ule, lakini ilikuwa ikishuka kooni kama dawa.

Mtoto mwingine angeacha. Mimi niliona dawa ya uongo ule ni kuufanya kuwa kweli. Kesho yake nikafunga. Nilifunga kweli, sikuweka kitu mdomoni, hata mate nilitema mpaka mwalimu akanitoa nje. Mchana chakula cha nyumbani nilikipeleka kwa kuku wa jirani. Jioni nikafika kwenye benchi nikiona vinyota, nikapewa barafu yangu, na Mungu anisamehe, sijapata kula kitu kitamu kama kile mpaka leo. Siku ya tatu nikafunga tena. Na ya nne. Jumapili nikaimba kanisani na koo kavu, na biskuti ya shule ya Jumapili nikaitia mfukoni, nikaila na Safia kwenye benchi baada ya adhana, nusu kwa nusu.

Sasa hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, na sijapona. Nilikuwa nafunga, lakini sikuwa nasali. Njaa ilikuwa ya kweli, sababu yake ilikuwa nailoni ya maziwa. Nilikuwa mwizi ama sikuwa? Nilimwuliza Mungu wa kanisani, halafu nikaogopa kwamba labda nimemwuliza katika mwezi ambao si wake. Mama yangu akiniona nimelala kwenye kivuli mchana alisema tu, "Wewe utauza hii nyumba juu ya kitu tamu," nami nikadhani anasema ya siku zote.

Idd ilipofika Mama Safia aliwapa wasichana waliomaliza mwezi kila mmoja mtandio mpya. Alinifunga wangu kichwani kwa mikono yake mwenyewe, akanishika mashavu na kuniambia Mungu amepokea. Hapo nilivunjika. Barafu ningeweza kuitetea, lakini maneno yale nilijua si yangu. Nikauvua mtandio, nikamwambia Safia aniwekee, nikaenda nyumbani. Tangu siku hiyo sikukanyaga tena duka lile. Nilizunguka na njia ya nyuma, kwenye miiba, hadi nilipomaliza shule na kuondoka. Safia aliniuliza mara mbili nimekosewa nini, mara ya tatu hakuuliza. Kwenye duka nililolipenda kuliko yote nilijifukuza mwenyewe, na ndiyo maana nyinyi mnaniona nikizunguka miji ya watu nikilamba vijiko.

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani kwa likizo, nikasikia Mama Safia anaumwa miguu na macho yamepungua. Safia ni muuguzi Marsabit siku hizi. Nilikaa siku tatu nikijishauri. Hofu yangu haikuwa aibu peke yake. Mji wetu tunaujua. Tumekaa pamoja vizuri, na tumepitia misimu mibaya ya vurugu pia, na neno la mtu juu ya dini ya mwenzake halichezewi. Je, nikimwambia mama mzee kwamba mwezi wake mtukufu niliufanya mlango wa friji, ataona nilikuwa namdhihaki? Nilikuwa tayari kukosa salamu zake. Sikuwa tayari afe akiamini uongo wangu.

Nikaenda siku ya nne, mchana. Duka sasa ni chumba cha kulala, friji haipo, na nailoni zenyewe zilishapigwa marufuku. Alikuwa ameketi kwenye mkeka na tasbihi mkononi. Siku hizi mtaa mzima unamwita Ako, yaani bibi.

"Salaam aleikum, Ako. Ni Nakiru. Mtoto wa mama wa makaa."

"Aleikum salaam. Nakiru!" Akanipapasa uso. "Umenona. Kaa chini. Ulipotelea wapi, wewe?"

Nikakaa, na sikungoja chai. Nikamwambia yote, githeri, biskuti, kuku wa jirani. Nikamaliza kwa kusema, "Ako, mimi sikuwa Mwislamu. Hata siku moja."

Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka.

"Wewe Nakiru, kwani mimi sina masikio? Mama yako akiimba kanisani, mimi nasikia nikiwa hapa dukani. Sasa mtoto yake atakuwa Mwislamu namna gani?"

"Ulijua?"

"Siku ya kwanza nilijua umekula. Mdomo yako ilikuwa na mafuta. Siku ya pili nikaona mdomo imekauka. Mtoto amekaa njaa mpaka magharibi, amekuja mlango yangu. Mimi nitamnyima?"

Ndipo akaongeza, kama mtu anayekumbuka alikoweka kijiko, "Na mama yako alikuja."

Nikamwuliza alikuja lini, maana mama yangu hakuwahi kunitajia, na sasa ana miaka sita kaburini.

"Siku kama ya tatu hivi. Nikasema leo ni vita, atasema nimegeuza mtoto yake. Hakupigana. Alikaa hapo umekaa. Akaniuliza, nyinyi asubuhi mnapatia mtoto nini, ndio afike jioni bila kuanguka?"

Hapo hapo nilikumbuka kitu ambacho sikuwahi kukiunganisha na lolote. Mwezi ule mama alikuwa akiniamsha kabla ya alfajiri. Alisema wanunuzi wa makaa wanakuja mapema na anataka mtu wa kukaa naye. Hakukuja mnunuzi hata mmoja. Alikuwa akiniwekea bakuli la uji mzito wa mtama na maziwa, na kunisimamia mpaka niumalize. Nilidhani ni ukali tu.

"Kwa nini hakuniambia, Ako?"

"Alisema usiambiwe. Alisema ukijua tunajua, utaona haya, utawacha kuja. Na hapa ulikuwa unakaa vizuri na Safia." Akahesabu shanga mbili za tasbihi. "Halafu baada ya Idd ukawacha. Jioni mama yako akipita na gunia ananiuliza, amekuja? Nasema hajakuja. Tukangoja. Baadaye tukasema basi, amekua."

Nilimlilia pale kwenye mkeka, mtu mzima na mkoba wangu. Alinipiga piga mgongoni kama ninayepaliwa.

Watoto wetu wa sasa hawatayapata haya. Wao wakifunga wanatangaza, wakifungua wanatangaza, wakikosana na rafiki mji mzima unajua kabla ya chakula cha jioni. Nimewacheka sana kwa hilo. Ila tangu mwezi uliopita nimepunguza kucheka. Sisi tulilelewa na watu wa kunyamaza. Wanawake wawili wa dini mbili walifunga midomo yao nisione haya, nami nikafunga wangu kwa haya ile ile, na sote watatu tukakosana miaka thelathini bila mtu kugombana na mtu. Nikisema zamani kulikuwa na upendo zaidi, sitakuwa nadanganya. Nikisema simu moja ingetuokoa, hapo pia sidanganyi. Mnaweza kunisaidia kuchagua? Mimi nimeshindwa.

Ninachokijua ni kidogo. Mama yangu, mwanakwaya, aliamka gizani mwezi mzima akapika uji wa saumu isiyokuwa yake, akakaa kwenye kigoda akinitazama nikinywa. Nami kila asubuhi nilimnunia, kwa sababu uji haukuwa na sukari.