Adhana ya Fundi Spika

Fundi bati alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa, na mtaa nao haukumwonea haya: ulimwita Spika. Miaka ya kugonga ndoo na sufuria kibandani ilimla masikio, na asiyejisikia hajui anavyopiga kelele. Akikusalimia utadhani mna ugomvi. Akimwomba mkewe chumvi, jirani ndiye anayeileta.

Mjukuu wa kwanza alipozaliwa, yeye ndiye aliyemwadhinia sikioni. Mtoto alishtuka, akalia mpaka sauti ikamkauka, na muuguzi akaja mbio kuuliza kuna msiba gani. Wote wodini walicheka isipokuwa binti yake.

Safari hii, mimba ya pili ya binti huyo ilikuwa ya taabu. Kabla ya kujifungua, binti alimwambia mama yake kwamba adhana ataisoma mume wake. Mama akaufikisha ujumbe, nusu kwa maneno, nusu kwa mikono. Mzee akajibu kuwa ni haki, mtoto ana baba yake. Kisha akaenda kibandani akakaa na nyundo mapajani, hakugonga hata bati moja. Ilimuuma, tusidanganyane.

Lakini Spika si mtu wa kukata tamaa. Alimkalisha mkewe ubavuni, akaweka kiganja kifuani ili aisikie sauti yake kwa mkono, akaanza kuadhini. Ikipanda, mke alimfinya goti. Ikipotea kabisa, alimvuta sikio. Goti lilivimba na sikio likawa jekundu, na bibi, kusema kweli, alianza kuufurahia ule ufundi.

Mtoto wa kike alizaliwa salama. Baba yake, kijana mwenye adabu, alikwisha kudokezwa na mama mkwe kuhusu mazoezi hayo. Alimtazama mkewe kitandani, naye binti akamgeukia mzee na kusema taratibu ili amsome midomo.

"Njoo, baba. Lakini namwogopea mtoto."

Mzee akaenda kutia udhu. Aliporudi aliketi kuelekea kibla, akampokea mtoto, mkewe akasogeza vidole gotini. Akainama kwenye sikio la kulia. Kiganja alichoweka kifuani kikatetemeka kidogo kwa sauti yake, kikaendelea kutetemeka, na vidole vya mkewe vilitulia. Akamgeuza, akakimu kwenye sikio la kushoto. Huko mwishoni kifua kilikuwa kimya mno, naye akaingiwa na hofu kwamba mtoto ameambulia pumzi tu. Hata mkewe alisahau kumvuta sikio, kwa kuwa alikuwa analia.

"Nimesema," akauliza, "au nimefumbua mdomo tu?"

Akaliuliza hilo kwa sauti yake ya siku zote. Mtoto akaruka, akaangua kilio, na muuguzi akachungulia mlangoni. Mzee alitamani ardhi ipasuke. Akamnyooshea binti mtoto wake, macho chini.

Binti hakumpokea. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, akamgusa kidevu ili ainue uso na amwone anavyosema.

"Umesema yote, baba. Nimesikia mpaka la mwisho. Sasa umemwamsha wewe, mbembeleze wewe."

Mzee akarudisha kiganja kifuani, akaanza kumwombea mjukuu wake Mola amkinge na kila shetani na kila jicho baya. Mtoto akanyamaza. Hakuna aliyemfinya goti.