Msusi wa Mwihoko aliyetaka kujua sheria ya angani ni ya nani

Ni saa nne asubuhi, Jumamosi, na Dorine Akoth anagawa nywele za Amida kwa ncha ya kitana. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia, cha pete na kile kidogo, havikunjiki. Anasuka kwa vitatu, taratibu, na mistari inatoka imenyooka.

Amida, mpishi katika hoteli ndogo ya Kimbo, anasafiri Jumanne kwenda kufanya kazi za nyumbani katika nchi moja ya Ghuba. Dorine amemwomba amwonyeshe tiketi kwenye simu. Ameiegemeza simu kwenye kioo na anaisoma huku mikono ikiendelea na kazi.

"Hii ni ya kwenda tu," anamwambia. "Ukipewa ya likizo, angalia safari inaanzia wapi na inaishia wapi. Usipande tu kwa sababu umeitwa."

Amida anamuuliza kama siku hizi saluni imegeuka ofisi ya uhamiaji. Dorine anatabasamu, kisha anamwomba ainamishe kichwa.

Dorine, mwenye umri wa miaka 38, alizaliwa Ugunja, kaunti ya Siaya. Alikuja Ruiru akiwa na miaka 19 kushona nguo kiwandani, na usiku akajifunza kusuka kwa kumtazama jirani. Kusuka kukamlipa kuliko cherehani. Vidole vyote vilipokuwa vikikunjika alimaliza vichwa vinne kwa siku, shilingi elfu moja kila kichwa.

Aliposikia kwamba Ghuba kuna mshahara wa uhakika, aliwaacha wanawe wawili, Ronny na Firdaus, kwa dada yake Auma katika nyumba aliyopanga mtaani Mwihoko, Ruiru, akaenda. Kila mwezi alituma kodi ya nyumba hiyo. Firdaus, anaeleza mtu akishangaa, alipewa jina la jirani Mwislamu aliyempeleka Dorine hospitalini siku ya kujifungua.

Baada ya miezi ishirini na miwili, mwajiri wake alimpa likizo na kumkatia tiketi ya kuja Nairobi na kurudi. Ndege ilikuwa ya kampuni ya nchi ya tatu. Saa mbili baada ya kuruka, mhudumu alikuwa akimimina chai ndege ilipotikisika ghafla. Birika likamponyoka, na chai ya moto sana ikamwagikia mkono wa Dorine.

Walimwekea barafu na kumwomba radhi. Alishuka Nairobi mkono ukiwa umefungwa kwa taulo. Kidonda kilipopona, kovu lilikuwa limevivuta vidole viwili na kuvikaza. Hangeweza tena kufua wala kupiga pasi nguo za familia ya watu sita, basi hakurudi. Kichwa kimoja sasa kilimchukua kutwa nzima.

Alienda kituo kimoja cha polisi. Akaambiwa tukio halikutokea Kenya. Akaenda katika ofisi ya kampuni ya ndege jijini Nairobi. Huko akaambiwa ndege si ya Kenya, kwa hiyo malalamiko ayapeleke kwao, katika nchi ambayo hata viza yake hana.

"Nikajiuliza, kwani mkono wangu uliungulia nchi gani?" anasema. "Huko chini kulikuwa bahari ama jangwa, mimi sikujua. Nilikuwa tu nimekaa kwa kiti yangu."

Swali hilo halikumwacha. Alimuuliza kila aliyeketi kwenye kiti chake. Mwalimu wa jiografia alimwambia anga ni ya nchi iliyo chini yake. Fundi wa magari alisema ndege ni kama meli, inafuata bendera yake. Mchungaji alisema mbingu ni za Mungu, akamwombea. Dorine aliandika majibu yote katika daftari la Ronny la hesabu, na anakiri kwamba kuna siku alisahau hata maumivu kwa hamu ya kujua nani alisema kweli.

Miezi ishirini ilipita hivyo. Kisha akaja Nzisa Mutie, wakili mwenye ofisi Thika, ambaye msusi wake alikuwa amehama. Alimwona Dorine akishika uzi kwa vidole vitatu, akauliza kilichotokea.

Dorine alipomaliza kusimulia, wakili alimuuliza swali moja tu: ilikuwa tarehe gani? Alipojibiwa, Nzisa aliinuka kitini, nusu ya kichwa ikiwa bado haijasukwa.

"Mama Ronny, una miezi minne," alimwambia. "Ikipita, mlango umefungwa."

Siku hiyo Dorine alijifunza kwamba kila aliyemjibu alikuwa ameshika kipande cha ukweli. Abiria akimpiga mwenzake angani, sheria ya kwanza kuangaliwa ni ya nchi ambako ndege imesajiliwa, na herufi za usajili huandikwa ubavuni mwake. Fundi wa magari hakukosea. Nchi iliyo chini, au ile ndege inapotua, nayo inaweza kuwa na sauti.

Lakini abiria akiumia kwa ajali ndani ya ndege, upo mkataba wa kimataifa ambao Kenya imeukubali. Anaweza kushtaki kampuni nyumbani kwao, au mahali safari inapoishia, au pale anapoishi daima, mradi kampuni hiyo inafika huko na ina shughuli zake huko. Muda wake ni miaka miwili.

Kesi ilifunguliwa Thika zikiwa zimebaki wiki tano. Kampuni ikapinga: tiketi ilianzia Ghuba na kuishia Ghuba, na kwa karibu miaka miwili Dorine alikuwa na kibali cha kuishi huko. Kwa hiyo, ilisema, mahakama ya Kenya haihusiki.

Kila kitu sasa kilitegemea swali moja: nyumbani kwa Dorine ni wapi?

Wakili wa kampuni alimsimamisha na kumuuliza alikuwa akilala wapi kwa miezi hiyo ishirini na miwili.

"Nilikuwa nalala kwao," Dorine alijibu. "Lakini nilikuwa naishi Mwihoko."

Auma alieleza jinsi alivyolea watoto. Mwenye nyumba, Mzee Jeconia, alileta stakabadhi za kodi, akasema hakuwahi kumhesabu Dorine kama mpangaji aliyehama. Kisha wakangoja wiki sita. Dorine anasema katika wiki hizo alikuwa akiamka na kuitazama nyumba yake kama mgeni, akijiuliza ni nini hasa kinachoifanya iwe kwake.

Hakimu aliamua kwamba makazi yake ya kudumu ni Mwihoko, na kesi itasikizwa Kenya. Dorine hakupiga vigelegele. Alimwomba Nzisa amsomee ule mstari mara ya pili.

Miezi mitatu baadaye kampuni ilikubali kumlipa nje ya mahakama. Makubaliano hayamruhusu kutaja kiasi. Vidole, daktari alimwambia, vimechelewa kutibiwa. Alinunua viti viwili vya saluni na kuwaajiri wasusi wawili wenye mikono mizima.

Habari zikaenea, na wanawake wanaosafiri wakaanza kumletea tiketi. Si wote anaoweza kuwasaidia. Mwaka jana Naliaka, muuza duka wa Kahawa Wendani, alikuja akichechemea. Mzigo ulikuwa umemwangukia gotini ndani ya ndege. Dorine alihesabu tarehe mara tatu. Miaka miwili ilikuwa imepita kwa siku kumi na tisa.

"Nilimsuka bure, kwa sababu sikuwa na kitu ingine ya kumpa," anasema. "Alitoka amependeza na sikulala."

Baada ya hapo alijiandikisha kwa masomo ya usaidizi wa kisheria mjini Thika, kila Jumatatu na Jumatano mchana, wakati saluni haina watu wengi. Mtihani ni Novemba. Mwalimu humlalamikia kwamba anauliza maswali ambayo hayamo kwenye mtaala.

Akifaulu, anataka kuzunguka makanisani na misikitini, kutoka Kimbo hadi Githurai, akiongea na wasafiri kabla hawajapanda ndege.

"Watu hufikiria ukiruka juu umetoka kwa serikali zote," anasema. "Nataka wajue hakuna mahali huko juu ambako mtu hana kwao."